Shamba la Beda Halijavunwa

Jumatatu, 5 Mei 2025. Izia

Daftari hili nimepewa na muuguzi Debora wa kliniki. Amesema kila moyo utakaponienda mbio niandike siku, mahali nilipokuwa, nilichokuwa nikifanya, na dakika ulizochukua. Nikamuuliza kama hiyo ni dawa. Akasema dawa si daftari, ila daftari litatuonyesha ugonjwa unapita njia gani.

Basi naanza na wa leo, ulionipata hukohuko kliniki. Nilikuwa kwenye benchi nangoja majibu, simu ya mtu ikalia. Palepale moyo ukaanza kupiga hadi nikaona gauni linatikisika kifuani. Viganja vikalowa, vidole vikafa ganzi, hewa nikivuta haifiki chini. Nikajua nakufa. Hii ni mara ya tisa tangu Kwaresma, na mara zote tisa nilijua nakufa. Debora akaniingiza chumbani, akanihesabia: kuvuta nne, kutoa sita. Dakika kumi na nne.

Majibu yanasema moyo ni mzima. Wamepima kwa mashine ya nyaya, wamepima damu, presha na tezi la shingo. Daktari akasema haya ni mashambulio ya hofu. Nikamwambia mume wangu alianguka shambani mchana kweupe, akafa kwa moyo, na asubuhi yake alikunywa uji wote. Akasema ndiyo maana wamepima kila kitu na hawakubahatisha. Sikumwamini. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna kitu. Nimeshona sketi tatu za shule.

Ijumaa, 9 Mei

Mahali: Mazwi, kibandani kwangu. Kazi: kuweka zipu. Dakika kumi na moja.

Ilikuwa simu yangu, na aliyepiga ni mteja tu, anauliza gauni lake. Lakini tarehe 14 Juni mwaka jana nilikuwa kwenye cherehani hiihii, naweka zipu, simu ikalia, na sauti nisiyoijua ikasema, njoo hospitali, mzee ameanguka. Nilimwachia jirani mkasi, nikakimbia barabarani na kandambili moja. Nilipofika Beda alikuwa ameshafunikwa.

Nimeizima simu.

Jumamosi, 10 Mei

Binti yangu Kalista, anayesoma Mbeya, amenikosa hewani siku nzima mpaka akampigia mama mwenye nyumba ya jirani. Amelia. Nimeiwasha.

Jumapili, 18 Mei

Baridi imeanza. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande.

Kipindi hiki Beda alikuwa akitoka Misa ya kwanza haji nyumbani. Anapitiliza shambani na suruali yake ya kanisani, anarudi saa tano na muhindi mmoja mfukoni. Anaketi mlangoni, anang'oa punje moja, anaiweka kwenye meno ya nyuma na kuniambia ninyamaze nisikie. Ikilia "ko" anasema bado wiki mbili. Ikilia "ka" anasema kesho tunaingia. Miaka ishirini na mbili mimi sikuwahi kusikia tofauti ya ko na ka, lakini nilikuwa naitikia.

Shamba lenyewe liko mwisho wa Izia, ukishapita nyumba za mwisho na kalavati, kuelekea milimani. Msimu huu limelimwa na kupaliliwa na vibarua. Mimi nimeishia kwenye kalavati. Tangu alipoanguka mle sijaingia.

Jumamosi, 24 Mei

Wifi Asnath, dada yake Beda, amefika kutoka Wampembe na kikapu cha migebuka mikavu. Huja kila mwaka kutusaidia kuvuna. Ameolewa na mvuvi, lakini husema mikono yake haijasahau mahindi.

Nilimweleza habari za kliniki. Alinisikiliza huku anapanga samaki kwenye ungo. Kisha akasema, "Wifi, tumefiwa wote. Mimi nilimbeba mgongoni yule."

Nadhani anaona ninakwepa jembe.

Jumatano, 28 Mei

Mahali: njia ya shambani. Dakika sijui.

Nilitaka kumwonyesha Asnath kwamba sikwepi. Tulipita kalavati. Tulipoanza kuona vichwa vya mahindi nikamwona mzee Masanja, amesimama mpakani na fimbo yake, ng'ombe nyuma yake. Moyo ukaanza. Nikageuka, nikakimbia, nikaingia ndani na kufunga mlango. Asnath alirudi jioni, akapika.

Niandike juu ya huyu mzee, maana Debora akisoma hatamjua. Masanja ni Msukuma aliyehamia hapa na familia yake na mifugo miaka sita iliyopita. Shamba lake limepakana na letu. Mwaka jana ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yetu. Beda akaenda kugombana naye, na akaanguka hapohapo mpakani. Ndivyo tulivyoambiwa na watu waliosikia kelele. Masanja alikuja msibani, akakaa mbali chini ya ukuta. Ndugu zake Beda wakamwambia aondoke, akaondoka. Mimi tangu siku ile nikikutana naye simwamkii, na mzee yule ananizidi zaidi ya miaka kumi.

Jumanne, 3 Juni

Kliniki. Debora amesoma daftari lote akiwa amevaa miwani kwenye ncha ya pua. Amesema kosa si kuogopa, kosa ni kukimbia. "Ukikimbia, mwili unajifunza kwamba mbio ndizo zilizokuokoa. Kesho utakudai mbio tena." Ananitaka niende hatua kwa hatua: kwanza kalavati, nikae mpaka moyo upande na kushuka wenyewe. Nikizoea hapo, njiani. Kisha mpakani. Kisha ndani. Nisipigane nao, niungoje upite. Na kahawa ameniambia niipunguze.

Nikamuuliza, na ikiwa siku hiyo ni kweli nakufa? Hakucheka. Akasema, "Tumekupima, mama. Lakini hilo swali utalibeba muda. Libebe huku unatembea."

Jumamosi, 7 Juni

Kalavati. Dakika tisa. Nilihesabu nne na sita, nikataja kimoyomoyo vitu ninavyoviona: jiwe, mbuzi, kanga imeanikwa, mlima, mlima. Ulipanda, ukashuka. Sikukimbia.

Jumatatu, 9 Juni

Kalavati. Dakika sita.

Alhamisi, 12 Juni

Kalavati. Hakuna kitu. Nilikaa kama mjinga nikingoja ugonjwa, haukuja. Nikawa nakumbuka tu.

Tulipooana Beda alikuwa fundi baiskeli pale Mazwi. Hakuwa na shamba, hili lilikuwa la baba yake. Alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye njia hii, ananishika tandiko nyuma. Siku moja nikaona naongea peke yangu. Aliniachia tangu kalavati, amesimama kule ameshika kiuno. Nilianguka kwa sababu niligeuka kumtazama.

Jumamosi, 14 Juni

Mwaka mmoja.

Misa asubuhi, kisha watu walikuja nyumbani kula. Saa nane nikiwa dirishani nikamwona Masanja amesimama nje ya ua, kofia mkononi na kibuyu cha maziwa. Asnath akamwendea. Sikusikia walichosema, ila niliona mkono wa wifi ukionyesha njia. Mzee akainama kidogo, akaondoka na kibuyu chake. Ningeweza kutoka. Nilibaki nimeshika pazia.

Moyo ulienda mbio, dakika nane, lakini haukuwa kama ule mwingine. Huu ulifanana na wa mtu aliyefanya jambo baya.

Ijumaa, 20 Juni

Upepo. Mabati ya jirani yamelia siku nzima. Asnath anasema mahindi yetu yameanza kulala chini, na mchwa hawangoji mgonjwa apone.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefika katikati ya njia. Dakika saba.

Majirani wote upande ule wamevuna. Desturi ya hapa, mkishavuna ng'ombe huachiwa kwenye mabua. Lililobaki limesimama ni la Beda peke yake. Asnath ameniambia kwamba ndugu wameanza kusema shamba lisilo na mwenyewe heri likabidhiwe mwingine katika ukoo. Alisema huku anatazama pembeni. Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema yeye anataka lisikae hivi, basi.

Nimemwomba asiite vibarua. Nimemwomba wiki moja. Nataka niingie kwanza mimi.

Jumatatu, 30 Juni

Njiani tena. Dakika tano. Kutoka pale nilimwona Masanja mpakani. Na juzi alikuwepo. Ana vijana wa kuchunga, lakini anakuja mwenyewe, anaketi akitazama mahindi yetu. Nimemwambia Asnath, yule mzee anavizia. Akasema hilo kila mtu analiona.

Jumatano, 2 Julai

Baridi kali. Nimeshona.

Jumamosi, 5 Julai

Leo naandika yote, hata kama mkono utauma.

Nilitoka saa tatu asubuhi bila kumuaga Asnath. Nilipita kalavati, nikapita pale katikati. Nikajiambia nitafika mpakani, na kama yule mzee yupo nitamwambia usoni aondoke na ng'ombe wake. Hasira ilinisaidia kutembea. Lakini nilipofika kwenye mstari wa kwanza wa mahindi na kusikia majani makavu yanavyopigana, hasira ikaniacha peke yangu. Moyo ukaja wote kwa mara moja. Masikio yakaziba. Niliona weusi pembeni mwa macho. Nikataka kukimbia, nikakumbuka Debora, nikakaa chini. Nilikaa kwenye udongo kama mtoto, nimeshika bua kwa mkono mmoja.

Masanja aliniona. Hakuja kunishika. Aliwasogeza ng'ombe wake mbali kwanza, kisha akarudi, akachuchumaa hatua kama kumi kutoka kwangu, fimbo imelala chini. Nilihesabu nne na sita, nikakosea, nikaanza upya. Nilitaja bua, mchwa, fimbo, kiatu cha mzee kilichoshonwa kwa waya. Ulichukua muda mrefu kuliko siku zote. Kisha ukaanza kushuka.

Nilipoweza kupumua akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, na marehemu alikaa hivyohivyo."

Nikamwambia, basi nieleze ulivyogombana naye.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Ugomvi ulikuwa Alhamisi, alisema, siku moja kabla. Ng'ombe waliingia Alhamisi, na kelele watu walizosikia ni za Alhamisi. Ijumaa asubuhi yeye mwenyewe alimfuata Beda shambani kumwomba radhi, na Beda akamwambia iliyoliwa ni mistari miwili tu, hata panya wamekula zaidi. Wakaketi. Wakazungumza habari za mvua. Ndipo Beda akamwambia kwamba tangu Pasaka kifua kinambana akipanda kilima, kinaachia, kinarudi. Masanja akamwambia aende hospitali siku ileile. Beda akasema atakwenda akishavuna, na akamsihi asimwambie mtu, hasa mke wake.

Hapo nilimkatiza. Nilimwambia haiwezekani, mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Mzee akaniacha niyasikie mwenyewe niliyosema.

Kisha akaendelea. Haikupita muda Beda akaanza kutoka jasho, akakaa, akashika bua. Masanja akamtuma mwanawe kuleta mkokoteni wa ng'ombe. Wakamlaza juu ya majani, mzee akaketi kwa nyuma amempakata kichwa, mpaka barabara kuu walikopata gari.

Nikamuuliza kitu ambacho nimekibeba mwaka mzima bila kujua ni nani wa kumuuliza. "Aliogopa?"

"Mwanzo aliogopa," akasema. "Halafu akawa ananiuliza majina ya ng'ombe wanaovuta. Nikamwambia huyu wa kushoto ni Dereva. Akacheka, akasema mbona Dereva ndiye mvivu. Ni kweli, ndiye mvivu. Akasema mama Kalista asipigiwe simu, atakimbia barabarani agongwe. Aendewe na mtu. Nikamwitikia. Lakini gari lilipoondoka mimi nilibaki barabarani na ng'ombe, simu yake ikachukuliwa na wengine." Akafuta uso kwa kofia. "Nilikuja msibani niseme hilo. Nikaja na siku ile ya mwaka."

Nililia sana. Hakunikataza. Nilipomaliza nikamuuliza kwa nini anaketi hapa kila siku. Akasema ng'ombe wa watu wote wameshaachiwa kwenye mabua, na huku hakuna ua. Asipokaa yeye, wataingia. Vijana wake wanasinzia.

Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee Masanja." Mwaka mmoja na siku ishirini na moja. Akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, kana kwamba jana pia nilimwamkia.

Dakika sikuziangalia.

Jumapili, 6 Julai

Leo nimemkasirikia Beda tangu asubuhi mpaka jua linazama. Tangu Pasaka! Alikuwa akisimama njiani na kuniambia anatazama mawingu. Na mimi nilikuwa namwambia mawingu gani, twende. Nimeiona sura yake kila aliposimama. Mara ngapi? Nimezihesabu nne ninazozikumbuka kwa hakika. Pale kwenye kalavati mojawapo.

Nimempigia Kalista, nikamweleza yote. Akasema, "Mama, baba alikuwa anajua ungemfungia ndani." Ni kweli ningemfungia.

Jumatatu, 7 Julai

Nimemwambia Asnath. Nilichelewa siku mbili kwa sababu sikujua nianzie wapi. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso mpaka nilipofika kwenye neno la Dereva. Akasukuma ungo, akaingia chumbani.

Alipotoka alikuwa amejitanda vitenge viwili. Alichukua migebuka minne iliyobaki, akaifunga kwenye gazeti, akatoka. Alirudi baada ya saa mbili na kibuyu cha maziwa. Akakiweka mezani, akasema, "Nilimfukuza mtu aliyempakata mdogo wangu." Tulikunywa yale maziwa na viazi.

Nilidhani nimemjua wifi yangu miaka yote hii kuwa mtu mgumu. Sasa naona alikuwa anashika kitu kizito asikidondoshe.

Jumanne, 8 Julai

Kliniki. Debora amefurahi, lakini hakunidanganya. Ameniambia habari nilizopata ni kubwa, ila mwili haujui kusoma. Unaweza kushtuka tena, hata kesho, hata mwakani kwenye foleni ya dukani. Niendelee na hatua zangu.

Amesema kweli. Wakati narudi, simu ya kondakta ikalia stendi. Dakika nne.

Alhamisi, 10 Julai

Mpakani. Dakika tatu. Nimeingia mistari miwili, nimetoka nikitembea.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeingia mpaka katikati. Nilikaa pale ambapo tulikuwa tunachoma viazi siku ya kwanza ya mavuno. Udongo bado una weusi wa moto, au labda ni macho yangu. Beda alikuwa anakula cha kwanza kikiwa kibichi ndani, kwa haraka, anasema ndivyo anavyovipenda. Mtu wa haraka katika kila kitu isipokuwa hospitali.

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza kuvuna.

Jumanne, 15 Julai

Mgongo.

Jumatano, 16 Julai

Vijana wa Masanja wamekuja na mkokoteni kubeba. Yule ng'ombe wa kushoto ni yeye, Dereva. Anajisimamia katikati ya njia anakula majani mpaka atukanwe.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tulibakiza kipande cha mwisho upande wa mlima. Tulikuwa wawili tu, mimi na Asnath, tumeketi kwenye lundo tunamenya maganda. Jua lilikuwa kali na upepo wa baridi, hali ya Julai. Karibu saa saba moyo ukaanza. Hakukuwa na simu wala mtu wala neno. Ulikuja bure tu.

Nikamwambia, "Wifi, umekuja."

Zamani angesimama, angeniambia twende nyumbani, au angeangalia pembeni. Leo hakuacha kumenya. Akauliza, "Mkubwa?" Nikasema wa kati. Akasema basi kaa, nikwambie kitu cha Beda ambacho hakukwambia kamwe, kwa sababu kinamwaibisha.

Akasimulia kwamba Beda akiwa na miaka sita walipewa kazi ya kulinda ulezi dhidi ya ndege, kwenye shamba hilihili. Beda akatengeneza mtu wa kutishia ndege. Akachukua koti la baba yao bila ruhusa, akalivika kwenye miti miwili, akaweka kibuyu kuwa kichwa na kukichora macho kwa mkaa. Alijisifu asubuhi nzima. Mchana akalala usingizi chini ya kichaka. Alipoamka jua limegeuka, akamwona mtu amesimama katikati ya ulezi anamtazama. Akasahau kwamba ni kazi yake mwenyewe. Alipiga kelele akakimbia mpaka nyumbani, akamwambia baba yao kuna jambazi shambani, lina macho makubwa. Baba akachukua panga, akaita na majirani wawili. Wakazunguka ulezi kwa kuinama, huku Beda amejificha nyuma ya gauni la Asnath.

"Baba akafika, akaliangalia lile jambazi," alisema Asnath. "Akaliangalia mbele, akaliangalia nyuma. Halafu akasema kwa upole kabisa, hili jambazi limevaa koti langu."

Wifi alicheka mpaka akafuta macho kwa ganda la muhindi. Nami nilicheka. Nikamwona Beda wa miaka sita, miguu myembamba, anachungulia. Hapo ndipo nilipotazama chini nikaona mikono yangu inamenya, na kuna lundo dogo la mahindi meupe mapajani mwangu, na sijui niliyamenya saa ngapi.

Asnath akaniuliza kama tunyanyuke. Nikamwambia bado, amalizie kwanza: kwa lile koti alipigwa, au hakupigwa?